Mkwe Hapimwi

Mume wangu alikaa jirani na mama yangu miaka miwili, ua wa makuti tu ukiwatenganisha, bila kumwona uso. Alijua anavyokohoa. Alijua anavyoburura kandambili zake, na harufu ya samaki wake wa kukausha, ng'onda, jikoni aliijua kuliko mimi. Lakini ungemwuliza macho ya mama yako mkwe yakoje, asingekuwa na la kujibu. Kwetu kusini mwanamume akioa anahamia kwa kina mkewe, halafu anatumia nguvu zake zote kumkwepa mama wa huyo mke. Akimwona njiani anaingia porini. Akikosa pori, anachutama na kutazama pembeni mpaka mama apite. Walimu waliotoka bara walidhani ni uadui. Si uadui, ni heshima, na heshima ya namna hiyo ina kazi kuliko uadui.

Mama yangu tena alikuwa kungwi. Wasichana wote wa kijiji waliokwenda unyagoni walipita mikononi mwake, nami nikiwa mmoja wao, na somo lake kubwa lilikuwa hilo hilo la mkwe. Kungwi akivunja mwiko, nani mwingine ataushika?

Na kama hayo hayatoshi, mume wangu ndiye aliyekuwa mganga wa zahanati yetu. Watu walimwita daktari, naye kila mara aliwasahihisha kwamba yeye si daktari, wakaitikia, "Haya, daktari."

Kijiji chetu kilikuwa kipya, upande wa Mpapura. Tulikuwa tumeambiwa tutoke mashambani, tukae pamoja, na kweli tukakaa pamoja, nyumba zimepangwa mistari kama magunia ghalani. Tulipata shule, tukapata zahanati, tukapata duka la kijiji lililokuwa na chumvi siku zote na sukari siku chache. Sitasema yote yalikuwa mabaya. Mdogo wangu alijua kusoma kwa sababu ya kijiji kile. Lakini mikorosho ya mama ilibaki kule nyuma, mwendo wa saa nzima na zaidi. Zamani alilala katikati ya shamba lake. Kutwa alizunguka chini ya mikorosho, anapalilia, anaokota, anafukuza nguruwe, jioni anapika, na bado ana nguvu za kucheza ngoma. Tulipohamia kijijini shamba akaachiwa mjomba, kaka yake, naye mama akakaa barazani kusuka ukili.

Akakaa. Mwaka wa kwanza akajaza baraza kwa mikeka, mwaka wa pili akaijaza baraza mwenyewe. Wapita njia walimsifu, "Una afya, mama!" naye anaitikia kwa raha, "Tunamshukuru Mungu." Maana kwetu, na nadhani kwa Waswahili wengi, afya ni nyama. Mtu mwembamba hata awe na nguvu za punda haambiwi ana afya. Huulizwa anaumwa nini.

Asubuhi moja nilikuwa natwanga muhogo uani kwangu nikasikia kishindo upande wa pili. Nilipofika mama alikuwa chini, nusu mwili barazani nusu mchangani, ukili umemzunguka miguuni. Alisema ameona nyota. Ulimi ulikuwa mzito, akisema nyota inasikika kama "nyoka," nami kwanza nikatafuta nyoka. Nikapiga ukelele. Mume wangu akaja mbio kutoka zahanati na koti lake jeupe. Alifika kwenye ua wa makuti, akasimama.

Nasema akasimama. Mama yangu yuko chini, na mganga wa kijiji kizima amesimama nyuma ya ua, ameupa mgongo, ananiuliza mimi maswali.

"Mdomo umepinda?"

"Haujapinda!"

"Mwambie ainue mikono yote miwili."

"Anainua!"

"Anakujua?"

"Atanijuaje na wewe unamtisha?" Nilikuwa nimeshakasirika, na mimi nikikasirika hata maswali ya maana nayajibu ovyo. Mama naye, amelala chini pale, hawezi hata kukaa, aliposikia sauti ya mkwe wake jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta kanga akajifunika uso.

Jioni alikuwa sawa. Ulimi ulikuwa umerudi, na maneno nayo. Mume wangu hakula. Alisema ile ni presha, imemgusa ikapita, na siku nyingine haitapita. Alisema ni lazima apimwe. Zahanati ilikuwa na kipimo kimoja, ule mpira wa kufunga mkononi wenye balbu ya kubonyeza, na alikuwa anakitunza kama mtoto mchanga. Kumpa mtu vidonge vya presha bila kumpima, alisema, ni sawa na kumkatia nguo bila kumwona.

Nikapeleka ujumbe. Mama akanitazama kama nimemtukana.

"Mkwe hapimwi," akasema. "Wala mkwe hapimi. Nilikufunda nini mimi?"

"Basi twende hospitali Mtwara. Lori la korosho linakwenda bandarini kesho kutwa."

"Nikapande juu ya magunia, mtu mzima? Na hospitali ni ya wagonjwa. Mimi niliinuka haraka, ndiyo yote."

Mume wangu akaona basi nifundishwe mimi. Jioni tatu nilijifunza juu ya mkono wake mwenyewe, masikioni nimevaa zile bomba za kusikilizia mapigo, nabonyeza, nafungulia, nasikiliza. Yeye anasema, "Umesikia? Tu, tu, tu." Mimi nasikia jogoo wa jirani. Siku ya nne nikajitia najua, nikaenda kumpima mama. Nikafunga mpira, nikabonyeza mpaka akasema mkono unataka kukatika, nikafungulia, nikasikiliza kwa makini yangu yote.

"Umesikia nini?" akauliza.

"Nimesikia unameza mate."

Tukacheka mpaka akashika ubavu. Lakini nilipompelekea mume wangu namba niliyoisoma, aliniambia kwa upole kwamba mtu mwenye namba hiyo huwa tayari ameshazikwa.

Ndipo akaanza hekaheka zake. Wakati ule sikuelewa, nilidhani ni kazi ya serikali. Redioni siku zile walikuwa wakihimiza afya, watu wachimbe vyoo, wachemshe maji, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mganga alipokwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kusema anataka watu wazima wafanye mazoezi. Mwenyekiti alikubali kwa sababu alipenda kila jambo lenye kupanga watu mstari. Mwalimu mkuu akatoa uwanja wa shule na ngoma ya mchakamchaka. Imamu, baada ya sala ya alfajiri, akawaambia watu kwamba mwili ni amana. Kina mama wa chama wakaahidi kuja, mradi wasikimbizwe pamoja na wanaume. Hivyo zahanati, shule, msikiti na chama, ambao kwa kawaida walikuwa wanagombania watu wale wale saa zile zile, wakawa kitu kimoja. Sijawahi kuona tena.

Watu walilalamika, na walikuwa na haki. "Mtu analima kutoka jogoo la kwanza, aambiwe akimbie? Anamkimbia nani?" Mume wangu akawajibu kwamba wanaolima hawasemi wao. Anawasema wanaokaa: fundi cherehani, muuza duka, mwenyekiti mwenyewe, na wale ambao kijiji kimewasogeza mbali na mashamba yao. Mwenyekiti akajitazama tumbo, watu wakacheka, na kesho yake mchakamchaka wa watu wazima ukaanza. Mwenyekiti alikimbia siku hiyo na viatu vya mkutanoni. Fundi cherehani aliishia kwenye kona ya kwanza, akaketi kwenye jiwe, akawa anawahimiza wengine.

Aliyelengwa na yote hayo hakuwamo. Mama alitoa kigoda chake barazani kila alfajiri na kikombe cha chai, akawatazama wanavyopita, akicheka mpaka chai inamwagika. Mchakamchaka ule ulimfaidi mno. Alikuwa hajawahi kukaa muda mrefu hivyo.

Wiki zikapita. Mume wangu alikuwa akiniuliza kila jioni. Leo amelalamika kichwa? Miguu imevimba? Pete inatoka kidoleni au imebana? Mimi nilijibu nikichambua mchele, simwangalii. Nilikuwa bado na kinyongo cha ile siku ya ua.

Mwisho uvumilivu ukamwishia. Ulikuwa mkutano wa kijiji, kila mtu yupo, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Mama alikaa nyuma kabisa ya wanawake, kanga kichwani. Mume wangu akasimama kusema habari za afya, na kwa kuwa mkwe wake yumo, aligeuka akawa anauhutubia ukuta wa shule. Alianza vizuri. Chumvi, maji, kutembea. Halafu sauti ikabadilika.

"Ndugu zangu," akauambia ukuta, "afya si unene. Tunamwona mtu ananenepa tunamsifu, una afya, una afya, na yeye anafurahi, kumbe ndani anakufa. Tunamsifia kifo chake!"

Kijijini pale wakati ule wa shida mtu mnene alikuwa mmoja. Mwenyekiti tumbo lilikuwa limeshapungua. Vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikageuka nyuma.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligundua. Na hilo halikuwa hata fumbo. Mama akainuka, akakung'uta kanga, akaondoka taratibu katikati ya watu wote.

Nilipomfikia nyumbani alikuwa ameshamtuma mtu akamwite mjomba.

"Mume wako amenivua nguo mbele ya kijiji," akaniambia. Hakupiga kelele. Mama akipiga kelele hana neno. "Mkwe wangu, ambaye hata kivuli changu hakanyagi, amenivua nguo."

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa kuitwa mjomba. Baba yangu alikuwa ameshafariki, lakini hata angekuwepo, neno la mjomba ndilo neno. Mjomba akisema mkwe huyu hafai, mkwe anafunga mzigo wake siku hiyo hiyo, na mimi nabaki. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nilimpenda yule mwanamume, niseme wazi, na nilimpenda mama. Usiku kucha nilikasirika nao wote wawili, maana nilijua nikiwa na huruma nitalia.

Mjomba alifika asubuhi na vumbi la mikorosho miguuni. Kikao kikawekwa hivi: mjomba barazani juu ya kigoda, mama ndani, mlangoni umening'inizwa mkeka, mume wangu chini nyuma ya ua wa makuti, ametazama njia, na mimi katikati. Kwa maana mkwe hasemi na mkwe. Likisemwa huku halijasikika mpaka mimi nilirudie kule. Hata hatua nne haziwatenganishi, kila mmoja anasikia mpaka pumzi za mwenzake, lakini mimi nilikuwa posta.

"Muulize," mama akasema, "nimemkosea nini."

"Mama anauliza amekukosea nini."

"Mwambie mama hajanikosea."

"Anasema hujamkosea."

"Muulize basi kwa nini amenitangaza."

Mjomba alisinzia kidogo, nadhani, alikuwa ametembea kutoka alfajiri. Tukaendelea hivyo, swali linakwenda, jibu linarudi, mpaka mume wangu akasema, "Mwambie mama nilikosa njia nyingine. Kuja kwake siwezi. Zahanati haji. Nikaona nikiwaambia watu wote, na yeye atakuwa mmoja wao. Mchakamchaka wote ule, mwalimu, mwenyekiti, imamu, niliwaomba kwa ajili yake. Nikakosea maneno. Maneno nimekosea, nakubali."

Nikarudia. Na wakati narudia ndipo nami nikaelewa. Wale watu wote alfajiri, ngoma ile, viatu vya mwenyekiti, vyote vilikuwa barua moja ndefu kwa mtu asiyeruhusiwa kuandikiwa.

Mume wangu akaanza tena, sauti chini. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto akiwa mdogo, na mjomba wake, akasomea huku. Mama yake alibaki kule, vita vikawatenganisha. Hayo nilikuwa nayajua. Kilichofuata sikukijua.

"Mwambie mama kwamba mama yangu alikuwa mnene kama yeye. Alikuwa akisifiwa. Siku moja aliona nyota, akaanguka, akaamka, akacheka. Waliovuka mto baadaye ndio walionihadithia. Mwezi haukuisha akaanguka tena. Mimi nilikuwa chuoni huku, najifunza kupima presha. Nilikuwa nawapima wenzangu darasani, tunacheka. Mwambie mama nilipata mama mwingine nilipooa. Simwoni, lakini namsikia anakohoa asubuhi, nikimsikia ndipo naondoka kwenda kazini. Siku asiyokohoa nachelewa. Mwambie siwezi kusikia kishindo kile mara ya pili."

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu.

"Mbona umenyamaza?" mama akasema nyuma ya mkeka. Alikuwa amesikia kila neno, lakini sheria ni sheria. "Rudia alivyosema. Usipunguze."

Nikarudia. Sikupunguza. Niliposema "namsikia anakohoa," nyuma ya ua nikasikia mtu mzima analia kwa kujizuia, nami nikalia, na mjomba akaamka akauliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," mama akasema. "Kaka, amenivunjia heshima. Atoe kuku. Umle wewe, urudi kwenye korosho."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Kuku yule nilimchinjisha mwenyewe na sijawahi kupika kuku kwa furaha kama ile.

Kesho yake kabla ya jua, mama alitoka. Hakutoa kigoda. Alikaza kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, akachukua fimbo. Kina mama wa chama walipopita akajitokeza mbele yao, wakasimama.

"Mimi sikimbii," akawaambia. "Mtu mzima akikimbia kuna nyumba inaungua. Mimi nakwenda kuitazama mikorosho yangu. Anayetaka anifuate."

Wakamfuata. Nani angeacha kumfuata aliyemfunda? Siku ya kwanza hawakufika hata nusu ya njia. Mama alikaa mara nne, akatukana mara tano, mguu mmoja ukavimba. Nikasema kesho haendi. Kesho akaenda. Wanaume waliachiwa barabara ya shule na ngoma yao, wanawake wakashika njia ya mashambani, mama mbele, akiongoza nyimbo za kwetu ambazo hazijaandikwa popote na haziwezi kuandikwa. Mwalimu mkuu aliposikia vipande viwili vitatu alituma malalamiko kwamba nyimbo zile hazihusu ujenzi wa taifa.

"Mwambie mwalimu," mama akasema, "hata taifa huzaliwa."

Ilipofika wakati wa palizi walikuwa wanafika mikoroshoni na kurudi bila kukaa. Wanawake walianza kwenda na majembe, wakawa wanampalilia mmoja leo na mwingine kesho, kwa zamu, kitu ambacho mikutano yote ya shamba la pamoja haikuwahi kuwafanya wakifanye kwa hiari. Ng'onda mama aliwapunguza. Hakuwaacha, nisimsingizie. Aliwaroweka kwanza kuwatoa chumvi, akawala huku akisema hawana ladha, ni kama kula mkeka. Pete ikawa inazunguka kidoleni. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo ya pete kama mtu anayepeleka habari ya mtoto kuzaliwa.

"Vizuri," akasema. "Lakini presha haina uso. Bado hajapimwa."

Na si yeye tu. Mume wangu alikuwa amewaita wanawake wote wa umri ule wapimwe, hakuja hata mmoja. Aliwauliza, wakacheka, wakatazama chini. Mmoja akaniambia kisimani: "Kungwi hutangulia. Kungwi hajapimwa, sisi tupimwe tukiwa nani?"

Nikarudi nyumbani na ndoo kichwani, sikuitua hata. Nikasimama mbele ya mama na maji yananimwagikia.

"Wanakufuata wewe," nikamwambia. "Ulikwenda mikoroshoni, wakaenda. Huendi kupimwa, hawaendi. Ukifa mama, utakuwa umekufa kwa heshima. Na wao watakufa kwa heshima. Mimi hiyo heshima nitaipika na nini?"

Hakuna mtoto wa kwetu anayesema hivyo na mama yake. Nilingoja kofi. Mama aliendelea kusuka, vidole vinakwenda, mpaka akaufikia mwisho wa uchane. Akanyanyua macho.

"Tua ndoo," akasema. "Unatota."

Siku mbili hakusema nami zaidi ya salamu. Nikaona nimeharibu kila kitu kwa ulimi wangu, kama kawaida yangu. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa njia ya mikoroshoni wakaanza kuja mmoja mmoja, wakakaa uani kwa mama bila kusema wanafuata nini. Alikuwa amewaita. Walipojaa, akaingia ndani, akaning'iniza mkeka mlangoni, akaniita.

"Kamwambie mume wako aje na huo mpira wake. Akae barazani, mgongo kwa mlango."

Mume wangu alikuja amekumbatia lile boksi. Alipita ule ua wa makuti kwa mara ya kwanza tangu anioe. Alipita akiinama, ingawa hakukuwa na cha kumgonga kichwa, akakaa mahali nilipomwonyesha. Mkeka ukacheza, na pembeni yake chini ukatoka mkono. Kwanza vidole, halafu pete, halafu mkono wote mpaka juu ya kiwiko, umepakwa mafuta, umeoshwa kama wa mtu anayekwenda harusini.

Mume wangu akageuza kichwa kidogo tu, akauona, akafumba macho.

"Ukifumba utasomaje?" nikamnong'oneza.

Akafumbua. Akaufunga mpira juu ya mkono ule polepole mno, kwa ncha za vidole. Akavaa bomba masikioni. Akabonyeza, akafungulia, akasikiliza. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Mtu ambaye miaka miwili alimjua mama kwa kikohozi, sasa alikuwa anausikiliza moyo wake.

Akavua bomba, akaufungua mpira.

"Mwambie mama," akaniambia, "imepanda. Lakini si kama nilivyoogopa. Mwambie kutembea kumemsaidia. Dawa zipo, atameza, asiache. Mwambie nitampima kila mwezi akiniruhusu."

Nikageukia mlango nirudie, kama ilivyokuwa kazi yangu. Sikuwahi.

"Nimesikia, mwanangu," mama akamwambia mwenyewe.

Wanawake wote uani walishusha pumzi. Mume wangu akaganda, amekumbatia boksi lake, machozi yanamtoka hayafuti. Mkono ule ukarudi ndani. Mkeka ukacheza tena, na upande wa pili ukatoka mkono mwingine, nao umepakwa mafuta.

"Na huu," mama akasema.

Akaupima na huo, ingawa mmoja ulikuwa umetosha.